Kifungu cha Oili Chafu

Vijana wa idarani mmeniandikia kwenye grupu mkitaka niweke kumbukumbu zangu za kazi. "Kitu kitamu, Bi Nasra, cha kututia moyo." Nimecheka peke yangu jikoni. Kitu kitamu nendeni mkanunue halua. Mie nna hasira, na nimeshastaafu, kwa hiyo hakuna tena wa kuniita ofisini kwake akanambia nipunguze sauti. Nitakuandikieni mambo ya oili chafu, kwa sababu ndiyo yaliyokula umri wangu wa kazi, na kwa sababu bado hayajesha, na nyinyi ndio mtakaoyakuta mezani Jumapili asubuhi, wiki ya kazi ikianza.

Vyeo na mishahara sitovigusa. Vyeo nilivyopata vilinifikia vimechelewa na havikuondosha moshi hata wa sigara moja.

Siku ya mwanzo nilikwenda kazini na viatu vya kisigino. Nimetoka chuo, nna shahada ya kemia, nadhani nitapewa meza, kompyuta na kiyoyozi. Nikapewa Ami Muhsin. Alikuwa mkaguzi mkubwa wa hewa, mzee mfupi, mtu wa Unguja kama sisi. Nilimwita Ami kwa sababu familia yake na yetu zilikaa mtaa mmoja kabla ya watu kuhamia huku Maskati, ijapokuwa udugu wa damu hatuna. Alinitazama miguuni kabla ya usoni.

"Bibi wee, hivyo ni vya harusini," akasema. "Dohani haina ngazi ya zulia."

Akanipa mabuti ya mwanamme mmoja aliyeacha kazi. Makubwa mno, ikabidi nitie soksi juu ya soksi. Mchana ule ule nilikuwa juu ya paa la kiwanda cha chokaa, ngazi ya chuma inaniunguza viganja, na yeye yuko chini ananipigia kelele nisitazame chini. Nilitazama chini. Viatu vya kisigino nikampa dada yangu.

Ami Muhsin alinifundisha kukagua kwa utaratibu wake. Pua kwanza, kitambaa pili, mashine mwisho. Ukifika mahala unashuka garini, unasimama, unanusa, husemi na mtu. Kisha unatoa kitambaa cheupe mfukoni unapangusa mlango wa msikiti au tangi la maji, mahala ambapo mwenye kiwanda hafikirii kupasafisha. Halafu tena ndo unatoa pampu ya hewa. Pampu inavuta hewa na kuipitisha kwenye karatasi ya kuchujia, na karatasi ile unaipima uzito kabla na baada. "Mashine ndiyo watakayokuuliza," akinambia, "lakini pua ndiyo itakayokwambia uiweke wapi." Mnaotumia mashine mpya za siku hizi, zenye kutuma hesabu moja kwa moja kwenye simu, msinicheke. Mashine yenu imewekwa pale ambapo mwenye kiwanda alikuchagulieni, na nyinyi mkasema ahsante.

Jengine alilonifundisha ni kahawa. Hili halimo kwenye mwongozo wowote. Mkaguzi akifika kiwandani anakaribishwa majlisi, chumba cha wageni. Inakuja tende, inakuja halua, inakuja kahawa. Ukikataa umekosa adabu na khabari itafika kwa mkubwa wako kabla hujarudi ofisini. Ukikubali, basi mpaka umalize finjani ya tatu na kuulizwa khabari za wazee wako wote, moto umeshapunguzwa, dohani inatoa mvuke mweupe wa kupendeza, na mwenyeji anakwambia twende sasa tukaone. Kwetu sisi ukarimu ni ukarimu, lakini watu wameugeuza silaha. Ami hakuwahi kukataa kahawa ya mtu. Alikuwa anaiwasha pampu nje ya ua, anamwachia dereva aichunge, halafu anaingia ndani na kunywa mpaka wao wenyewe wachoke kummiminia. Alikuwa na kifua cha kahawa yule mzee.

Na lugha. Mnajua idara yetu ilivyo. Barua tunaandika Kiarabu, wataalamu wageni tunazungumza nao Kiingereza, na yale tunayoyamaanisha khasa tunayasema Kiswahili. Zama zangu nusu ya korido ilikuwa watu wa Unguja na Pemba. Katikati ya mkutano mkubwa, mbele ya wageni, tulikuwa tunageukiana na kupanga mambo yetu kwa Kiswahili bila hata kushusha sauti, kama tupo jikoni kwetu. Tukijiona wajanja sana. Mtaona ujanja ule ulitufikisha wapi.

Sasa nije kwenye kiwanda cha lami. Jina lake silitaji, na mnaolijua mnalijua. Kipo nyuma ya vilima, ukishapita Rusayl ukaiacha barabara kubwa. Lami inataka moto mkubwa ili iive, na moto unataka mafuta. Gesi inataka kuvutiwa bomba, dizeli ina bei yake. Basi wao wakawa wanakusanya oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa magereji gari zikifanyiwa sevisi, na wanaichoma hivyo hivyo. Ndani ya oili ile mna madini ya risasi na kila uchafu wa injini. Moshi wake mzito, na asubuhi ya baridi haupandi. Unateremka bondeni, na bondeni kuna nyumba. Nyumba zilikuwepo kabla ya kiwanda. Hilo liandikeni, kwa sababu mtasikia watu wazima wakilisema kinyume.

Katika nyumba zile alikuwa akikaa Umm Said, mwanamke wa makamo yangu, Mwarabu wa pale pale, Kiswahili hajui hata neno. Mwanawe Said alikuwa na pumu. Mara ya kwanza nilipofika alileta kahawa kwenye sinia iliyofunikwa kitambaa, na akawa anainua upande mmoja wa kitambaa kila anapomimina, halafu anafunika tena upesi, ndani ya sebule yake mwenyewe. Kisha akanletea kanzu ya skuli ya mtoto, nyeupe, imefuliwa, na kola yake imeingia rangi ya majivu.

"Nafua ndani, naanika ndani," akanambia. "Sijui tena nifanye nini. Nitamfunga mtoto kwenye mfuko?"

Nikamuuliza anataka idara imfanyie nini. Nilitarajia atasema fidia, watu wengi husema fidia.

"Nnataka Said alale na dirisha wazi wakati wa baridi," akasema. "Basi. Lini?"

Miaka yote iliyofuata, kila nikienda, mwanamke yule aliniuliza neno hilo hilo. Lini? Na mie nikawa narudi Maskati na karatasi za chujio nyeusi, naandika ripoti, kiwanda kinatozwa faini ndogo, wanailipa kama wanavyolipa maji, na Jumapili moshi uko pale pale.

Ami Muhsin ndiye aliyesema basi. "Kuwafukuza mmoja mmoja tutakufa tumechoka," alisema garini tukirudi. "Tutie kanuni ya nchi nzima. Oili chafu isichomwe karibu na wanapokaa watu, tena isichomwe na yeyote. Watumie gesi, watumie umeme, na matangi ya lami wayapashe moto kwa jua." Tukaanza kuandika. Kifungu cha nne, cha kukataza oili chafu karibu na makazi, ndicho kilichokuwa chetu, na mpaka leo nnakijua kwa moyo kama ninavyoijua namba yangu ya simu.

Hamjui maana ya kutembeza rasimu ya kanuni mpaka muitembeze. Watu wa sheria wanakwambia waulize watu wa biashara. Watu wa biashara wanakwambia waulize watu wa nishati. Watu wa nishati wanakwambia ni fikra nzuri sana, onana na watu wa sheria. Na kila mlango wanakutoa na "kheri inshallah". Iko kheri inshallah ya ndiyo, iko ya hapana, na iko ya kukungoja ustaafu. Hii ya mwisho ndiyo niliyokutana nayo zaidi.

Mhandisi mmoja wa viwanda alisimama kwenye mkutano, mwezi wa sita, kiyoyozi kimekufa, watu wanajipepea kwa ajenda, akasema umeme wa jua kwa matangi ya lami haufai kwa sababu jua halitoshi. Hapa, Maskati. Ami alivua kofia, akajifuta kichwa taratibu.

"Mhandisi," akamwambia, "nenda nje ukakae juu ya boneti ya gari yako, kisha rudi utwambie tena."

Watu walicheka, mhandisi alikaa, na mambo yakalala mwaka mzima. Sikwambiini nilivyokuwa nikirudi nyumbani. Nilikuwa naosha vyombo vilivyoshaoshwa. Mume wangu alijifunza kuondoka jikoni.

Mwisho ukapatikana mkutano wa kukata shauri. Wenye viwanda wakaleta mshauri wao wa sheria, Ustadh Hilal. Kanzu imepigwa pasi hata nzi hatui, kilemba kizuri, udi unamtangulia mlangoni, Kiarabu chake cha juu ya mimbari na Kiingereza chake cha runinga. Ukoo wake ni wa bara ya huku, wa ndani khasa, na sisi watu wa Unguja tukamsoma kwa ukoo wake tukamaliza. Huyu kwa Kiswahili ni kiziwi, tukasema.

Asubuhi yote ilikuwa mvutano. Ikaja mapumziko, ikapitishwa kahawa, Ustadh Hilal amekaa mbele yetu anamenya chungwa na macho yake yako kwenye simu. Ami Muhsin akanigeukia.

"Bi Nasra, wakitaka muda tuwape. Hata miaka mitano. Muhimu kifungu kipite."

"Mitano mingi, Ami. Said atakuwa keshaota ndevu."

"Kifungu kikifa leo hakitofufuka. Na usisahau, sisi kesi yetu yote ni zile nyumba. Pasipokuwa na familia pale bondeni, hawa mawakili watatwambia tunalinda mawe."

Ustadh Hilal akala chungwa lake. Akajipangusa vidole kimoja kimoja.

Tuliporudi mezani alikuwa mtu mwengine, laini kabisa. Wateja wake, alisema, wanaipenda nchi yao na wanapenda hewa safi. Wanaomba mawili tu. Kwanza wapewe miaka mitano ya kubadilisha mitambo. Pili kifungu kiwe wazi zaidi, maana neno "makazi" ni pana mno. Badala yake kiseme "makazi ya familia".

Na hapa ndipo nnapokasirika mpaka leo. Hakuna hata mmoja kwenye meza ile aliyelishtukia neno lile. Katika mji huu familia ni kitu kimoja na wafanyakazi ni kitu chengine. Nyumba za kukodi zimeandikwa familia tu. Wanaume waliotoka nje kuja kutujengea barabara tunawaita makapera, hata akiwa mtu ana mke na watoto wanne kwao, na tunawaweka kando ambako hatuwaoni. Ndivyo tunavyosema na ndivyo tunavyopanga mitaa yetu. Neno likatupitia sote laini. Ami Muhsin akaitikisa finjani yake, kwamba ametosheka, na kifungu cha nne kikapita.

Tulifurahi siku ile. Nilimpikia Ami biriani nikampelekea kwake. Kesho yake nikenda kwa Umm Said.

"Imepita," nikamwambia.

"Alhamdulillahi. Lini?"

"Baada ya miaka mitano."

Alimimina kahawa, akafunika sinia. Halafu akasema, "Said yuko darasa la nne. Nasra, wewe umesoma. Mtoto wa pumu unamwambiaje asubiri kupumua mpaka la tisa?"

Nilikunywa kahawa nikaondoka.

Ami Muhsin alifariki kabla miaka ile mitano haijafika nusu. Azaa, yaani matanga, ilikuwa Ansab, kwa mwanawe, na wenye viwanda waliokuwa wakimchukia walikuja kwa wingi kumsifu. Mie nilikuwa upande wa wanawake nikiwasikia kupitia dirishani. Mmoja alisema marehemu alikuwa mtu wa kuelewana naye. Nilitamani nitoke nimwambie hajaelewana naye siku hata moja, Ami alimshinda, na kushindwa na mzee yule hakukuwa aibu. Nikakaa nikagawa sinia za kahawa kama wanawake wengine.

Mwaka uliofuata gari yangu ilikuwa sevisi, Wattaya, kwenye duka la magari. Nimekaa chumba cha kungojea, runinga inasema peke yake, na nyuma yangu nnasikia mwanamme anazungumza na simu.

"Ndiyo mama. Nitapitia sokoni. Ndizi za kupika ama za kula? Sawa. Na dagaa? Mama, dagaa za kule hazipatikani hapa, nimekuambia. Sawa, nitaangalia."

Kiswahili si cha kwetu, kina ladha ya ndani ya Afrika, lakini ni Kiswahili cha mtu aliyelelewa nacho, kinateremka chenyewe. Nikageuka. Ustadh Hilal, kanzu nyeupe, kilemba, udi.

Nikainuka nikamsimamia mbele.

"Ustadh, Kiswahili hicho umekitoa wapi?"

Hakubabaika hata kidogo. Alimuaga mamake kwanza. "Bujumbura, dada. Nimezaliwa kule, baba alikuwa na duka. Hatukuja huku mpaka nimebaleghe."

"Siku ile ya mkutano ulitusikia."

"Nilikuwa nimeketi mbele yenu. Ningeziba masikio?"

"Ungesema kama unafahamu. Uungwana ni kusema."

Akatabasamu, na kwa adabu zake zote akanambia, "Nyinyi watu wa Unguja mnaona Kiswahili kimeishia forodhani kwenu. Mliona ukoo wangu mkasema huyu hajui. Hamkuniuliza, dada. Na mimi nilikuwa nimelipwa kusikiliza."

Nilikasirika hata nikaondoka na funguo za gari ya mtu mwengine, wakanikimbilia barabarani. Nilimkasirikia yeye, na zaidi nilitukasirikia sisi, na majivuno yetu ya kuzungumza mbele za watu kana kwamba lugha tumeikunja tukaitia sandukuni. Wale walioishi Burundi na Kongo na Tabora wamerudi hapa kama tulivyorudi sisi, na tuliwajua, tukala nao harusini, na bado haikutupitikia. Nyinyi vijana bado mna tabia hiyo. Nimekusikieni kwenye lifti. Mambo ya kazi kayazungumzeni garini.

Lakini siku ile Wattaya nilidhani alichotuibia ni miaka mitano tu. Nilisema basi, miaka inapita, kifungu kipo. Sikujua kwamba alisikia na lile la pili.

Nyumba ya mwanzo iliuzwa bila mtu kushtuka. Mzee amekufa, warithi wanataka kugawana, kampuni imekuja na bei nzuri. Halafu ya pili. Halafu mwenye nyumba ya tatu akaona jirani zake wawili wamekwenda, naye akauza. Mie nilikuwa nnasikia khabari hizi moja moja, na nilikuwa nikifurahi kwa ajili ya watu, kwamba wamepata pahala pa kwenda. Umm Said alishikilia mpaka akabaki wa mwisho. Kisha siku moja akanipigia.

"Nasra, wametoa bei ambayo nyumba hii haitoipata tena. Said amelazwa mara mbili mwaka huu. Usinilaumu."

Sikumlaumu, na atakayemlaumu aje kwangu kwanza. Alihamia kwa ndugu zake ndani ya nchi, kwenye mitende na mifereji ya falaj, na kifua cha Said kimetulia, alhamdulillahi. Analala dirisha wazi. Kama kazi yetu ilikuwa kumlinda mtoto yule mmoja, basi tukiri imetimia na tukakipe kiwanda cheti cha shukrani.

Siku kifungu kilipoanza kufanya kazi nilikuwa nimebakisha miezi michache ya kustaafu. Niliondoka baada ya swala ya alfajiri na pampu, pamoja na Munira, mwenzenu wa hapo idarani, naye atakushuhudieni kama nnazua. Tuliposhuka sikuhitaji hata kunusa. Moshi mweusi ule ule umelala bondeni, harufu ya gereji inaingia kooni. Miaka mitano mitambo haikubadilishwa hata skurubu. Nikagonga geti la nyumba iliyokuwa ya Umm Said, na akafungua mlinzi, mwanamme mrefu wa makamo, sare ya kampuni. Alitusikia mie na Munira tukisemezana, uso ukamfunguka.

"Kumbe madam unaongea Kiswahili? Karibuni. Mimi ni Wafula, nimetoka Kakamega."

"Ahsante, Bwana Wafula. Nnawatafuta wenyewe wa hapa. Familia gani inakaa?"

"Hapa hakuna familia, madam. Nyumba hizi zote ni za kampuni. Ni sisi wafanyakazi tu."

Alituingiza ndani. Sebule ile ya kahawa imejaa vitanda vya chuma, kimoja juu ya chengine, na viatu vya kazi mstari mzima mlangoni. Jikoni majiko yamepangwa ukutani. Wahindi, Wabangladeshi, Wafula na wenzake wawili wa Afrika Mashariki. Tukaiweka pampu juu ya paa mchana kutwa. Karatasi ilitoka nyeusi kushinda yoyote niliyowahi kuitoa nyumbani kwa Umm Said.

Hapo ndo nikafahamu. Mie nilidhani miaka mitano wameiomba wanunue majiko ya gesi. Walinunua nyumba. Ami Muhsin alisema mwenyewe, kwa sauti yake kamili, kwamba pasipo familia hatuna kesi, na mtu aliyekuwa akimenya chungwa alikwenda akaziondosha familia. Ardhi wameipata, wafanyakazi wao wamewapatia malazi bila kujenga, na moto wanauchoma kwa oili ile ile. Kila kitu kwa mujibu wa kanuni. Kanuni yangu.

Nilipeleka ripoti. Watu wa sheria wakairudisha siku ya pili: hapana makazi ya familia katika eneo, kifungu cha nne hakihusiki. Nikapanda kwa mkurugenzi, kijana mzuri, nimemfundisha mie kuipima karatasi.

"Bi Nasra, hawa ni wafanyakazi," akanambia.

"Na wafanyakazi wanavuta nini, maji?"

"Sikusema hivyo. Wana kanuni zao kwengine."

"Kwengine wapi? Nionyeshe mlango niugonge sasa hivi."

Nilimwambia maneno siku ile ambayo mtu mzima hamwambii bosi wake, na sikuyarudisha. Nilimwambia kwamba tumeandika sheria ya hewa inayomuuliza mtu kama ana mke ndani kabla ya kumruhusu apumue. Nikamwekea mezani marekebisho, neno moja tu. "Familia" litoke, na kifungu kiseme mahala popote anapolala mtu. Akasoma, akasoma tena, akasema kheri inshallah. Lakini ili rasimu ipate nguvu, akasema, nimletee japo lalamiko moja la mkaazi wa pale. Mtu mmoja, jina lake na saini yake.

Basi wiki yangu ya mwisho kazini, mnajua nyinyi mlikuwa mnanunua keki, mie nilirudi bondeni. Ilikuwa asubuhi. Wafula alikuwa nje kwenye bomba la maji, shuka kiunoni, mswaki mkononi, povu mdomoni. Ndani mtu anakaanga vitunguu na mwengine anakohoa, kikohozi kirefu kisichotoa kitu. Nikamweleza ninalolitaka. Mtu mmoja tu aseme anaishi hapa na moshi huu unamdhuru. Alitema povu, akatazama njia ya kiwandani kwanza.

"Madam, mimi siwezi. Nikiweka jina, kesho natafutiwa ndege ya kurudi kwetu. Na hawa wengine usiwaulize, tafadhali, watagombezwa. Mudir, bosi wetu, ametuambia mkija nyinyi watu wa mazingira, tuseme hapa hakuna mtu anaishi."

"Hapana mtu anayeishi?"

"Ndivyo tumeambiwa tuseme, madam. Hapa hakuna mtu."

"Na wewe, Bwana Wafula, unalala wapi?"

Akainua mswaki, akanionyesha dirisha la chumba alichokuwa akilala Said, limezibwa kwa kadibodi.

"Pale, madam."